Rangi ya Kijani Ilikuwa Kwangu

Mama zangu, shangazi zangu na bibi zangu wa chama, shikamooni. Waliotoka kanisani asubuhi nawapa salamu za huko, wanaosubiri adhana ya Alasiri nawapa za kwao, na wale waliokuja kwa sababu wamesikia leo kuna mahamri, hao ndio watu wangu hasa. Sogeeni karibu.

Nimeandika maneno haya kwenye karatasi kwa sababu mwenyekiti alinionya: "Ukiachiwa mdomo mtupu utatuchekesha mpaka Magharibi, na hatutajua umeshuhudia nini." Basi nasoma. Lakini mkiona nimeinua macho, jueni nimetoka nje ya karatasi, na Mungu awasaidie.

Sheria ya hapa ni kwamba ushuhuda hautaji mtu jina. Nitaifuata. Mwenzangu wa kazi nitamwita Fundi. Mama anayekaa nyuma ya nyumba yetu nitamwita Mama Jirani, naye ameniruhusu nimseme ilimradi nisimfanye mnene kuliko alivyo. Askari nitamwita Afande, maana jina lake silijui na wala sitaki kulijua.

Wengi mnanijua kwa utundu. Ni mimi niliyemvisha punda wa muuza maji tai ya shule, akaingia nayo gwaride la asubuhi. Kwa hiyo nikisema leo nimekuja kueleza woga, mtangoja mzaha uko wapi. Ndugu zangu, nawaambia, sijawahi kuogopa kama siku ile, na kuna vipande vya siku ile ambavyo mpaka leo sijapata mzaha wake.

Duka letu ni la fulana. Tena za mtu kujichagulia: ukitaka kasa, unachorewa kasa, ukitaka jina la mkeo, linaandikwa, na ukibadilisha mke ni juu yako. Fundi, kijana wa Mwabungo aliyemaliza Kidato cha Nne mwaka jana, ndiye mchoraji na mchapaji. (Si mchumba wangu. Shangazi, nimekuona ulivyomkonyeza mwenzako.) Alifunzwa na mjomba wake kule Likoni kuchapa rangi kwa fremu ya mbao iliyowambwa kitambaa chembamba. Mimi niko Kidato cha Tatu, na kazi yangu dukani ilikuwa mdomo.

Na duka lenyewe halina mlango. Liko kwenye intaneti. Najua, najua. Hata Mama alipoambiwa mara ya kwanza aliuliza nani atalifagia. Kule Diani, kwenye maduka ya watalii, kuna chumba chenye kompyuta mbili zilizounganishwa na laini ya simu. Fundi aliwachorea wenyewe kibao cha nje, nao wakawa wanatuachia kompyuta saa za mchana, watalii wakiwa wamejianika juani kama samaki ng'onda. Tukajifunza kutengeneza ukurasa wetu, tukaweka picha za fulana. Picha hufunguka taratibu kutoka juu kwenda chini: saa hii unaona shingo ya fulana, kifua utakiona ukirudi kutoka kunywa maji. Maneno niliyaandika mimi, kwa Kiingereza kilichovaa suti: agiza ukiwa kwenu, uichukue fulana yako ukifika Diani.

Lakini duka lisilo na mlango watu watalijuaje? Mama yangu ni dobi kwenye hoteli moja. Likizo ya Aprili nilikwenda kumsaidia kukunja nguo. Nikakata vikaratasi, nikaandika anwani ya ukurasa wetu, nikawa navitia kimoja kimoja kwenye mifuko ya kaptula za wageni zilizokwisha kupigwa pasi. Mgeni akifika kwao Ulaya, akitia mkono mfukoni, anakutana na sisi. Meneja alipokiona kimoja alicheka. Mama hakucheka. Nilipata kofi ambalo likitajwa, sikio langu la kushoto husimama kwa heshima.

Hata hivyo matangazo yalizaa. Mwezi wa Julai tukapata barua pepe ya bwana mmoja wa ng'ambo. Alikuwa Diani mwezi wa Aprili, kila asubuhi akinywa dafu kabla ya chai, na sasa anarudi Agosti na ukoo wake mzima, watu ishirini na wanne. Anataka wote wavae fulana moja: nyeusi, kifuani dafu la kijani, panga jeupe linalifyeka kichwa, na chini yake limeandikwa neno MADAFU kwa kijani hicho hicho. Fundi alichora mchoro mzuri mpaka ukitazama unaona kiu.

Nyinyi mnaonisikiliza mnaiona picha nzima, panga na dafu na neno. Shikilieni hapo hapo, maana rangi haziingii zote pamoja kwenye fulana. Kila rangi ina fremu yake na siku yake. Nyeupe hutangulia, ikauke, jua liishike sawasawa, ndipo ya kijani ifuate. Ukifanya pupa zinavujiana, na fulana inakuwa kitambaa cha kupangusia meza ya hoteli ya chapati. Na kopo la rangi ya kijani lilikuwa kwangu, Ukunda, chini ya kitanda changu, kwa sababu mbuzi wa bibi yake Fundi walikuwa wamekwisha kumwaga moja.

Alhamisi Fundi akachapa nyeupe. Ijumaa asubuhi Fundi akazianika fulana zote uani kwa Bibi, Mwabungo, kando ya njia, mahali penye jua zuri. Kisha akaoga, akavaa kanzu, akaenda msikitini.

Sasa fumbeni macho kidogo. Fulana ishirini na nne nyeusi, zote mpya, zote sawa, zimepangwa kwenye kamba. Kifuani mwa kila moja, panga jeupe. Basi. Dafu hakuna. Neno hakuna. Ni mwezi wa Agosti. Ni hapa kwetu.

Naona hata waliokuwa wakitafuna wameacha.

Sina haja ya kuwakumbusha Agosti ya mwaka juzi, wenye mapanga walipowafukuza watu wa bara. Kila mmoja hapa ana yake. Sisi tuliotoka bara tulilala kwenye uwanja wa kanisa Likoni, Mama amenifunga mkono wangu na wake kwa leso ili watu wakikimbia tusipoteane. Wenzetu wa hapa hapa, Fundi akiwa mmoja wao, walilala vichakani wakiwakimbia askari waliokuwa wakimzoa kila kijana, awe amefanya au hajafanya. Mama Jirani, kibanda chake cha mitumba kilichomwa moto yeye akiwa anatazama kutoka kwenye mihogo ya watu. Baadaye alirudi, akaanza upya na sabuni na viberiti, akawa anatembeza vijijini. Na Ijumaa ile njia yake ilimpitisha Mwabungo.

Mimi nilikuwa nimetoka kuchota maji, yetu na ya Mama Jirani. Naingia ndani na ndoo, namkuta Mama ametoa sanduku, anatia nguo bila kuzikunja. Dobi huyu, mtu ambaye hata tambara la kudekia hulikunja pembe kwa pembe. Nikajua kuna jambo.

"Mama, tunakwenda wapi?"

"Vaa viatu."

"Kuna msiba?"

"Vaa viatu nimekwambia!"

Mama Jirani alikuwa amesimama mlangoni, anahema. Kapu lake la sabuni hakuwa nalo.

"Sikuambiwa na mtu," alikuwa akimwambia Mama. "Nimeona na haya macho yangu. Tisheti nyeusi, zote mpya. Kila moja iko na panga hapa." Akajipiga kifuani. "Wameanika mchana kweupe, hawaogopi hata Mungu. Hiyo kama si yunifomu ni nini?"

"Kwa nani?" Mama akauliza.

"Kwa ule mama mzee wa mbuzi. Kijana wake ndiye yule anakujaga hapa kwako kuongea na huyu. Nimepitia kwa chifu, nimesema. Saa hii wameshamshika. Land Rover inatoka Kwale kuja kumchukua."

Ndugu zangu, nilicheka. Sikukusudia. Kicheko kilitoka chenyewe, kikafika katikati, kikakatika.

"Unacheka nini?" Mama aliniuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

Nilikuwa nikiwaza kwamba nikisema ni zetu, nami ni wa kuchukuliwa. Na nisiposema, Fundi anapelekwa Kwale, na kutoka Kwale sijui wapi, na vijana waliopelekwa mwaka juzi wengine walirudi hawawezi kushika kijiko. Magoti yangu yaliamua kabla yangu. Nilipiga magoti, nikaingia chini ya kitanda. Mama akadhani najificha, akanishika mguu. Nikatoka na kopo.

"Dafu bado," nikasema.

"Nini?"

"Dafu bado halijachapwa, Mama. Dafu liko humu."

Mama Jirani alirudi nyuma hatua moja, kama anayemwona mtu aliyepagawa. Ilinibidi nieleze upya, na mara hii nilieleza huku nalia, mambo ya yule bwana, na nyeupe, na kijani, na mbuzi. Mama alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanishika kifundo cha mkono.

"Huendi popote. Kijana wa watu keshakamatwa, nawe ukajipeleke?"

"Mama, yeye hana rangi. Bila rangi hana la kuwaonyesha."

Alinitazama. Kisha akatazama sanduku. Alilifunga, akalisukuma pale pale palipokuwa na kopo, akajitanda leso yake. "Basi hutakwenda peke yako," akasema.

Mama Jirani naye alitakiwa arudi kwa chifu akaandikishe maneno yake, kwa hiyo tuliondoka watatu, yeye ametangulia mbali kidogo, anageuka kila mara kutazama kopo langu. Kufika barabarani tukaona mikokoteni. Magodoro, majiko, mtoto amekaa juu ya mtungi wa gesi amekumbatia kuku. Maneno yalikuwa yamekwisha kutembea. Mtu mmoja akatupigia kelele, "Nyinyi mwaelekea huko wapi? Watu wanatoka!" Mama akazidisha mwendo. Nami nilikuwa nikitazama ule mkokoteni nikijiambia: godoro lile limetolewa ndani na fulana yangu.

Ofisini kwa chifu watu walikuwa wamejaa nje, wa bara upande huu, wa Mwabungo upande ule, na katikati pametengwa nafasi ambayo hakuna aliyetaka kuikanyaga. Fulana zilikuwa zimerundikwa barazani pamoja na fremu zetu zote mbili. Fundi alikuwa ameketi chini na kanzu yake, pingu mkononi. Alinitazama nilivyokuja, akatikisa kichwa polepole. Alikuwa akiniambia nirudi.

Bibi yake alikuwa amesimama mbele ya Afande, ameshika sahani iliyofunikwa. "Mwanangu," alikuwa akisema, "muulize utakalo, lakini mwache kwanza ale. Hajala tangu asubuhi. Hata ukimfunga, mfunge ameshiba."

"Mama mzee, ngoja kando," Afande akasema. Kisha akaniona. "Na wewe? Unataka nini na hiyo mkebe?"

"Shikamoo, Afande. Hizo fulana ni za duka letu."

"Ati duka. Huyu pia ameniambia duka. Hiyo duka iko wapi?"

"Iko kwenye intaneti, Afande."

"Hiyo iko upande gani? Msambweni?"

"Haina upande. Iko... iko kila mahali."

"Kila mahali." Aligeuka kwa mwenzake, wakatazamana. "Na ni nani amewatuma mtengeneze?"

"Bwana mmoja wa ng'ambo."

"Mnamjua?"

"Hatujapata kumwona."

"Hamjamuona. Na hizi nguo zitavaliwa na watu wangapi?"

"Ishirini na wanne."

"Wako hapa?"

"Bado. Wanakuja mwezi huu."

"Wanakuja. Watavaa lini?"

"Siku moja, Afande. Wote pamoja. Ufuoni."

Nyuma yangu mama mmoja wa bara alitoa mlio kama aliyechomwa mwiba. Ndugu zangu, sikudanganya hata neno moja. Kila nililolisema lilikuwa kweli tupu, na kila kweli iliyotoka kinywani mwangu ilimkaza Fundi pingu. Nikamwona Afande amelegea kidogo, ametosheka, kama mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta. Hapo niliogopa kuliko nilivyoogopa Likoni. Likoni nilikuwa nikikimbia. Hapa nilikuwa nimekuja mwenyewe kwa miguu yangu, na mama yangu nimemleta.

"Afande," nikasema, na sijui ni nani aliyesema, "hazijaisha. Imebaki rangi moja. Mfungue mwenzangu azimalize hapa hapa mbele yenu, mtaona ni kitu gani."

"Nimfungue?" Akacheka. "Hapana. Nyinyi ni duka, sivyo? Basi chapa wewe."

Nimekwisha kuwaambia kazi yangu dukani ilikuwa mdomo. Sikuwa nimepata kushika fremu hata mara moja. Fundi alijua hivyo. Aliinamisha kichwa.

Mama akavua leso yake moja akaitandika juu ya benchi la chifu. Nikalaza fulana. Nikaweka fremu ya dafu juu yake, nikamimina rangi. Kopo likawa linagonga mbao, ko ko ko, na watu wote wanasikia. Nikashika kile kibao chenye mpira cha kusukumia rangi, nikakipitisha juu ya kitambaa. Nikainua fremu.

Ndugu zangu. Dafu lilikuwa limeshuka, limeteleza chini ya panga, likakaa peke yake tumboni. Neno la chini halikutoka kabisa, maana sikukandamiza. Pale kwenye fulana nyeusi palikuwa na panga, na chini ya panga, kitu cha mviringo kilichokatwa juu, rangi inachuruzika.

"Kichwa!" mtu akapiga kelele. "Ni kichwa cha mtu!"

Watu walirudi nyuma wote kwa mara moja, watoto wakaanza kulia, mmoja akakimbia kabisa. Afande akashika bunduki yake, si kuielekeza, kuishika tu. Na mimi nilisimama na fremu mkononi nikitaka ardhi inimeze na leso na benchi na vyote. Nilijikojolea kidogo. Haya, chekeni, nimewaruhusu. Lakini wakati ule hakuna aliyecheka.

Ndipo nikasikia sauti ya Fundi, chini, taratibu kama tuko uani kwa Bibi na hakuna mtu mwingine duniani.

"Hujaipangilia. Tazama pembe ya fremu, kuna alama ya wino. Alama ile ikae juu ya ncha ya panga. Ukishaona imekaa, usiitazame tena. Kandamiza na mikono miwili, uvute kuja kwako. Mara moja tu. Usirudie."

"Siwezi," nikamwambia.

"Wewe uliweza kusema na Wazungu hujawaona. Vuta."

Mama akashika upande mmoja wa fremu ili isicheze. Mikono yake ilitulia, ni mikono ya pasi ile. Nikatafuta alama. Nikaiweka juu ya ncha. Nikavuta.

Nilipoinua fremu sikutazama fulana. Nilitazama uso wa Bibi, maana alikuwa karibu. Bibi alisogea, akapinda shingo, akafunua midomo.

"Hee," akasema. "Hili dafu changa. Hata nyama halijatia."

Mtoto mmoja, wa upande wa bara, anayejua kusoma, akasoma kwa sauti ya darasani: "Ma-da-fu."

Kicheko hakikuja kama mnavyodhani. Kilianza na mtu mmoja, kikafa, kikaanza upande wa pili. Watu walikuwa wanaogopa kucheka. Wote walikuwa wakimtazama Mama Jirani, kwa sababu yeye ndiye aliyeleta habari. Naye alikuwa amesimama pale kwenye ile nafasi tupu ya katikati, macho kwenye lile rundo la fulana zilizobaki.

"Maliza zote," akaniambia.

"Mama?"

"Zote. Usiache hata moja na panga peke yake. Nitakaa hapa nione."

Akaketi chini kwenye vumbi, mbele yangu. Basi nikachapa. Mama anashika fremu, Fundi anasema, "Ongeza rangi, punguza mkono," na mimi navuta. Nilipomaliza ya kwanza nzuri hapakuwa na mahali pa kuiweka ikauke, na kijani mbichi hairundikwi. Mama Jirani akanyoosha mikono. Nikamwekea juu ya viganja vyake. Ya pili akaipokea Bibi, sahani akamkabidhi Afande aishike, naye akaishika bila kujua kwa nini. Ya tatu akaja mama wa bara. Ya nne kijana wa Mwabungo. Kila aliyepewa alisimama ameinyoosha mbele yake kama anayepokea mtoto wa kubatizwa, na ile nafasi ya katikati ikajaa watu waliosimama bila kuchagua upande.

Tulikuwa bado hatujamaliza Land Rover ilipoingia.

Alishuka mkubwa wao, akatazama watu na fulana zao mikononi, akatazama Afande na sahani ya wali. "Mshukiwa yuko wapi?" Fundi akainuliwa kwa kola ya kanzu. Na mimi nikaona jinsi jambo linavyoweza kuwa limekwisha kueleweka na watu wote na bado gari likaondoka na mtu, kwa sababu gari limekuja.

Mama Jirani aliinuka. Mnajua anavyoogopa gari la askari. Hata likipita barabarani huingia ndani. Alilikabili uso kwa uso, fulana mbichi bado kwenye viganja.

"Mimi ndiye nilileta hiyo maneno," akasema. "Niliona panga, na panga iko. Sikudanganya. Lakini kazi ya hawa watoto ilikuwa haijaisha, na sasa imeisha mbele yangu. Hapa hakuna kesi. Kama ni lazima mtu apande hiyo gari, nitapanda mimi, niseme huko hivyo hivyo."

Mkubwa alimtazama. Kisha akatazama fulana. Akaisoma. Mdomo wake ukacheza upande mmoja.

"Mfungue," akamwambia Afande.

Afande hakuweza kutoa ufunguo upesi kwa sababu ya sahani.

Jioni, tulipokuwa tukirudi, mikokoteni ilikuwa ikirudi nayo, godoro moja moja, watu hawatazamani. Mama Jirani alitembea kando yangu. Viganja vyake vilikuwa kijani. Nilimwambia, "Mama, nisamehe kwa kukutisha na lile panga." Akavifuta viganja kwenye leso yake, rangi haikutoka.

"Panga sikuiogopa sana," akasema. "Panga hata mimi niko nayo ndani. Niliogopa ni nyinyi. Kwamba huyu kijana akikuja kwenu ananisaidianga kubeba maji, na kumbe ni yeye."

Hicho, ndugu zangu, ndicho kipande ambacho mpaka leo sijapata mzaha wake.

Yule bwana wa ng'ambo alikuja na ukoo wake, wakavaa, wakanywa madafu, wakapiga picha. Fulana ile iliyoharibika Fundi alichapa nyingine badala yake, nayo ameikata akafanya matambara. Nami siku hizi nachapa, mdomo ni kazi ya ziada.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Mama, aliyefunga sanduku akaenda alikokuwa akikukimbia. Nawashukuru Bibi na wali wake, na kila aliyesimama juani na fulana mbichi mkononi bila kuuliza itakauka lini. Namshukuru Mama Jirani, na hapa nainua macho kutoka kwenye karatasi ili anione namtazama. Asante, Mama.

Nililojifunza si kubwa. Kazi ikiwa ya hatua mbili, usiianike ya kwanza kando ya njia ukaenda zako. Hasa hapa kwetu, ambapo kila mtu ana alichowahi kukiona. Pita kwanza kwa jirani, umwambie: nimeanza kitu, hakijaisha, ukikiona usiogope. Ni maneno machache. Mimi nilikuwa na maneno ya kumwambia mtu wa ng'ambo nisiyemjua, na sikuwa na hayo ya kumwambia mtu ninayemchotea maji.

Kwa hiyo naanza leo, nikiwa nimesimama mbele yenu nyote. Tumepata agizo jipya. Ni papa. Rangi ya kwanza ni meno. Kesho kutwa mkipita Mwabungo kwa Bibi mkaona kamba nzima imejaa meno matupu, tafadhalini msiende kwa chifu. Mwili wake unakuja Jumatano.